Kongoni wa Juja Walienda Wapi?

Ukipita Juja, kati ya Ruiru na Thika, waona ploti na nyumba za kukodisha. Mnamo 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliwinda huko akiwa mgeni wa tajiri McMillan, mwenye Juja Farm. Kongoni walikuwa tele.

Je, bunduki ndizo zilizowamaliza? Si hizo peke yake. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, lakini kufikia 2016 wanyama katika nyanda za malisho za Kenya walikuwa wamepungua kwa thuluthi mbili hivi. Swala ni wa serikali, nyasi anazokula ni za mwenye shamba! Huyo naye akaweka seng'enge, akauza ploti.

Watoto wakitaka kuona nyati, wapeleke Ol Donyo Sabuk, alikozikwa McMillan.