Chandarua ni cha mtoto, si cha samaki

Wakati wa kiangazi mto Lualaba ukipungua, maji hubaki katika vidimbwi vitulivu pembeni. Humo ndimo tunamopata kambale, kwa kuwa samaki huyu hupumua hata hewa, hafi upesi maji yakiwa matope.

Tuendelee kuvua kwa vikapu, lakini tuache kuvua kwa vyandarua vya mbu. Matundu yake ni madogo mno: yanakamata hata vitoto vya samaki, na mwaka ujao tutakosa cha kupika na cha kuuza. Dawa iliyomo ni sumu kwa samaki. Na nyumbani mtoto analala bila kinga, malaria inamkuta.

Wiki hii kila kikundi kipatane: samaki wadogo warudi mtoni, chandarua kirudi kitandani.