KAZI ZA NYUMBANI: MFARISHI WA HARRIET POWERS

Mama mmoja ametuuliza kama vipande vya nguo vibakivyo baada ya kushona vyafaa kwa kazi yo yote zaidi ya kupigia deki. Twamjibu kwa habari za mwanamke wa Marekani, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, akafa mwaka 1910 akiwa huru.

Mwanamke huyu alishona mfarishi, yaani nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu: juu kitambaa cha picha, katikati pamba, na chini kitambaa cha kuizuia pamba isitoke. Picha zake hakuzichora kwa rangi. Alikata watu, wanyama na nyota katika vipande vya nguo, akavishona juu ya kitambaa kingine, hapa kwa mkono, hapa kwa cherehani. Picha zote ni 11: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha, na nyinginezo.

Atakaye kujaribu na aanze na picha moja tu. Kwanza avifue vitambaa vyote. Sisi tulilidharau neno hili, tukashona kaniki juu ya bafta nyeupe. Siku ya kufua rangi ikatoka, malaika wetu akawa wa samawati hata mabawani, na watoto wakatucheka. Kisha aikate picha, akiacha upana wa nusu ya kidole pembeni, aukunje ndani ili nyuzi zisifumuke. Tabaka zote tatu azipige bandi toka katikati kwenda pembeni, maana aanzaye pembeni hukusanya makunyanzi katikati. Nyuzi za urembo huja mwisho. Kwa hariri atie macho ya samaki, miali ya jua, mikunjo ya vazi. Mshono upenyao tabaka zote huibana pamba, na picha ikainuka kama mkate. Uzi wa zari haupendi kupitishwa nguoni, hukatika upesi. Afadhali ulazwe juu ya kitambaa, ushikizwe kwa uzi mwembamba.

Lakini turudi kwa Harriet. Mfarishi wake ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia, mwaka 1886. Jennie Smith, mwalimu wa kuchora, akauona, akataka kuununua. Harriet akakataa kwa bei yo yote. Miaka michache ikapita, dhiki ikaingia nyumbani mwake. Smith akampelekea habari, naye akaja kwa gari la ng'ombe, mfarishi umo mapajani mwake ndani ya mfuko safi wa unga. Alitaka dola 10. Smith akasema anazo 5 tu. Harriet akatoka nje, akashauriana na mumewe, akarudi akazipokea.

Alimweleza Smith picha moja moja, na Smith akayaandika maneno yake. Kwa maandishi hayo twajua leo kila picha ni ya nini. Ninyi walimu mjuao kalamu, je, mama zenu wakishona, ni nani aliyewauliza maana ya kazi yao akaiandika?

Mfarishi huo sasa umo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Wa pili, wenye picha 15, umo Boston. Ndani yake mna nyota zilizoanguka mwaka 1833, miaka 4 kabla ya Harriet kuzaliwa, naye alizipata kwa masimulizi tu.

Baada ya kuuza, Harriet alirudi mara kadhaa nyumbani kwa Smith ili autazame mfarishi wake. Huzuni yake ilipungua kidogo tu, hapo Smith alipomwahidi kumwekea vipande vyake vyote vya nguo vitakavyobaki.