Ukuta Uliojengwa kwa Kunyamaza

Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi maisha ya Moses Fleetwood Walker, Mmarekani Mweusi wa jimbo la Ohio, aliyekuwa mdakaji katika mchezo wa besiboli. Kwa kuwa mchezo huu si wa kwetu, tueleze kidogo. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira unaovurumishwa na mrushaji. Ndiye pia anayemwashiria mrushaji ni mpira wa namna gani autupe. Enzi za Walker kazi hiyo ilifanywa bila glavu nene za siku hizi; vidole vilivunjika na viganja vilivimba.

Mwaka 1884 timu yake ya Toledo iliingia katika moja ya ligi kuu za Marekani, naye akacheza michezo 42. Mrushaji mwenzake, Tony Mullane, alikiri miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi. Lakini kwa sababu ya rangi yake, Mullane alizipuuza ishara zake, akarusha apendavyo. Walker akaudaka mpira asioujua unakuja vipi, kutoka kwa mkono wa mwenziwe.

Hata hivyo, tunaona fundisho kubwa zaidi katika siku mbili nyingine.

Siku ya kwanza ni Agosti 1883. Timu ya Chicago ilifika Toledo kwa mchezo wa kirafiki, na nahodha wake mashuhuri, Cap Anson, akatamka kwamba hatacheza akiwepo Mweusi uwanjani. Walker alikuwa amepangiwa kupumzika, kwani mkono wake ulikuwa umeumia. Kocha wake, Charlie Morton, aliposikia amri hiyo, alimwingiza uwanjani makusudi, akawaambia wageni kwamba wasipocheza watakosa fungu lao la viingilio. Anson akanung'unika, akacheza.

Siku ya pili ni Julai 14, 1887. Walker alikuwa sasa Newark, pamoja na mrushaji Mweusi hodari, George Stovey. Anson alikuja na sharti lile lile. Safari hii hakutokea Morton. Walker na Stovey hawakucheza. Siku hiyo hiyo viongozi wa ligi yao walipiga kura kwamba wachezaji Weusi wasipewe tena mikataba mipya. Walker aliendelea kidogo huko Syracuse hadi 1889, kisha mlango ukafungwa. Katika ligi kuu haukufunguliwa hadi 1947, alipoingia Jackie Robinson.

Wengi humtwika Anson lawama yote. Sisi hatukubaliani nao. Anson alikuwa yule yule mwaka 1883 na mwaka 1887. Kilichobadilika ni waliomzunguka. Alipokataliwa na mtu mmoja, alirudi nyuma. Alipoachiwa njia, neno lake likawa desturi. Katika ligi kuu halikuhitaji hata kuandikwa kuwa sheria. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uliachwa, na ukuta uliojengwa uliwafungia watu nje kwa zaidi ya nusu karne.

Walker mwenyewe alikata tamaa. Mwaka 1908 alitoa kitabu akiwashauri Weusi wa Marekani wahamie Afrika, kwa kuwa hakuona tena kwamba watu wa rangi mbili wangeweza kuishi pamoja katika nchi aliyozaliwa. Alifariki mwaka 1924.

Ndugu wapendwa, sisi nasi tumekaa vikaoni na kusikia mtu akikataliwa kwa kabila lake, kwa ufukara wake au kwa ugeni wake. Mara nyingi hatukuwa Anson. Tulinyamaza tu, tukatoka tukijiona wasafi. Tusijidanganye. Morton hakuhubiri wala hakupigana. Aliyaandika majina ya wachezaji wake, na jina la Walker akalitia.