Mtoto Huyu ni wa Halmashauri Gani?

Shule zikifunguliwa, swali ni lilelile. Mzazi anafika ofisi ya halmashauri na mtoto asiyeona, begi na godoro, anaomba nauli na vifaa. Anajibiwa: "Mama, huyu si tulishampeleka shule ya wenzetu? Kawaone wao." Anakwenda kwa hao wenzao. Nako anaambiwa mapato ya ndani ni ya wakazi wa pale, arudi alikotoka. Mtoto kazaliwa Dodoma, anasoma Dodoma, na hana mwenyewe.

Wazazi tumechoka kupigwa danadana. Mkoa wetu una halmashauri nane, na si kila moja yenye shule au kitengo kinachomfaa kila mtoto. Wasioona huku, viziwi kule, na mwenye mtoto wa usonji ndiyo usiseme. Kwa hiyo watoto wanavuka mipaka. Fedha hazivuki.

Tazameni Buigiri. Shule ya wasioona pale ilifunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Mwaka 2007 Dodoma Vijijini ikagawanywa, zikazaliwa Chamwino na Bahi, shule ikaangukia Chamwino. Haya, ukigawa wilaya unagawa magari, watumishi, hata viti vya ofisini. Mtoto asiyeona wa Bahi unamgawaje?

Kijana mmoja kati yetu katusimulia kwamba huko Marekani wilaya ndogo za shule huchanga na kuunda ushirika wa elimu maalumu, zikaajiri kwa pamoja wataalamu ambao wilaya moja haiwezi kuwalipa peke yake. Wilaya ikitaka kujitoa, inatoa taarifa, bodi inapiga kura, wazazi wanajaa ukumbini kulalamika. Tulicheka. Hapa kwetu hakuna anayejitoa, maana hakuna aliyewahi kuingia. Halmashauri inampeleka mtoto kwa jirani na barua ya utambulisho, kisha kimya. Kura haipigwi, na sisi hatujui tukalalamikie ukumbi upi.

Mtatuambia serikali kuu inaleta ruzuku. Inaleta, hatukatai. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, mtoto wa bweni alitengewa chakula cha shilingi 1,500 kwa siku. Kwa siku, siyo kwa mlo. Nendeni soko la Majengo mkaulize kilo ya maharage, mrudi mtuambie. Na mtoto huyu hali ugali tu akamaliza. Karatasi za breli ni nene na ghali, haziuzwi kwa Mangi. Mashine ya Perkins ya kuandikia breli ikikwama, fundi wa mtaani anaigeuzageuza tu na kuirudisha. Mwenye ualbino anahitaji mafuta ya ngozi kila siku kwa jua hili la kwetu. Na mama anayelala bwenini na watoto, analipwa kutoka fungu lipi? Ukiuliza hilo, kila mkuu wa idara anaangalia simu yake.

Walimu nao ni hadithi nyingine. Chuo cha Patandi, Arusha, kinawafundisha elimu maalumu, lakini mtu anaweza kutoka huko na lugha yake ya alama akapangiwa shule isiyo na kiziwi hata mmoja. Jirani mwenye kitengo akimwomba, mkurugenzi hamwachii, kwa kuogopa kubaki na pengo. Mkurugenzi tunamwelewa, kwa kweli. Ila viziwi wa jirani wanaendelea kukaa mbele ya mwalimu anayewapigia kelele akidhani watasikia.

Karatasi nzuri tunazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ukaandikwa wa 2021/22 hadi 2025/26. Mzee mmoja wetu, mtu wa maneno, anasema elimu hiyo imejumuisha kila kitu isipokuwa bajeti. Na msituambie wakubwa wako mbali. TAMISEMI, yenye halmashauri zote mkononi, iko Mtumba, na Mtumba na Buigiri ziko kwenye barabara moja ya Morogoro.

Tunachotaka hakihitaji mfadhili wala semina. Katibu Tawala wa Mkoa aziite halmashauri zote nane meza moja kabla bajeti hazijapitishwa. Kila moja ilete orodha ya watoto wake wanaosoma kwa jirani, iandike itachangia kiasi gani kwa kila mtoto, karatasi ibandikwe ubao wa matangazo wa kila kata. Ikiwepo isiyotaka, sawa, ikatae hapohapo mbele ya madiwani na sisi tukiwa viti vya nyuma, muhtasari uandikwe kwamba imekataa.