VITA VYA PANZI CHECHNYA

Ndugu Mhariri,



Wachechnya walipigana na Urusi tangu Desemba 1994 hadi 1996, wakalifukuza jeshi lake. Lakini wapiganaji hawakuweka silaha chini. Wengi wao walikuwa watu wa tarika za Kadiria na Nakshabandi, wanaosoma dhikri na kuzuru makaburi ya mawalii, kama wafanyavyo Waislamu wengi wa pwani yetu. Wenzao waliofuata mafundisho ya Kisalafi waliyaita mambo hayo shirki. Julai 1998 pande hizo zilipigana kwa bunduki mjini Gudermes. Mwaka 1999 Mufti Akhmad Kadyrov, aliyeunga mkono vita vya kwanza, akahamia upande wa Urusi.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kutofautiana. Wanazuoni wamebishana kwa vitabu karne nyingi. Kosa ni kubishana kwa bunduki. Ukimwita nduguyo kafiri huku umeshika silaha, ataona afadhali adui wa jana. Mwaka huo huo jeshi la Urusi lilirudi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wako,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.