Hakuna Bolti ya Ziada

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mkitaka kunichukia mnichukie: gari haliji na bolti ya ziada. Hakuna siku mainjinia wa Japani walikaa chini wakasema, "Tuongeze nati mbili hivi, za kubaki." Kampuni inayounda mamilioni ya magari kwa mwaka ikitoa bolti moja tu kwa kila gari inaokoa pesa ya maana. Wangekuwa na namna ya kuitoa, wangeshaitoa kitambo. Kwa hivyo hiyo umeshika mkononi iliachwa pale kwa sababu kuna kazi inafanya.

Lakini picha hazikomi kuingia kwa simu yangu. Kiganja kimejaa grisi, bolti moja katikati, na swali: "Buda, hii ni ya wapi?" Hao mimi nawapenda, kusema kweli. Walio noma ni wale hawaulizi. Wanaitupa pale gari linapowekwa majivu ya sigara, ikae na sarafu za shilingi moja na karatasi za PK, maisha yaendelee. Fungua hicho kidroo kwa Probox yoyote ya huku Nairobi uone. Ni makaburi ya bolti.

Najua mbona vijana wengi sikuhizi wanajifanyia kazi ya gari wenyewe. Pesa haiko, video ziko bure, na seti ya soketi unapata hata kwa mtu amezitandika kando ya barabara. Mimi niko upande wenu kabisa. Badilisha breki padi zako, badilisha plagi, fungua bampa. Shida yangu ni hii tabia ya kucheka mtu akisimama kuuliza. Ukienda kwa fundi na nati mkononi anakwambia, "Dogo, hizo hubaki tu, gari za Japani ziko hivyo." Mbogi yote inaangua kicheko. Sasa wewe unaona aibu, unaiweka mfukoni, unawasha gari, na kwa kiti cha nyuma amekaa mathako wako.

Hiyo sentensi ya "hubaki tu" ndiyo nataka tuizike.

Juzi nilikuwa nimeshikia binamu yangu tochi akibadilisha padi za mbele za Vitz, hapo kwa parking ya ploti yao. Kazi ilienda poa. Magurudumu yamerudi, jeki imetolewa, tunakusanya spana, na bolti moja imelala kwa simiti. Kichwa cha 14. Binamu akaiangalia, akaangalia gari, akasema itakuwa ilikuwa imebaki kwa ule mfuko wa vifaa. Saa mbili usiku, ana njaa, na kesho asubuhi lazima apeleke watoto wa dadake shule. Naelewa kabisa. Lakini ile bolti ilikuwa safi kwa nyuzi na ina vumbi jeusi kwa kichwa, lile vumbi la breki. Bolti imekaa kwa mfuko miaka miwili haikai hivyo.

Tukatoa gurudumu la kushoto: kalipa, yaani ile chuma inayoshika padi, ina bolti mbili kwa nyuma, juu na chini. Tukatoa la kulia: ya juu iko, ya chini ni shimo. Unajua wengi wakibadilisha padi wanafungua ya chini pekee, wanainua kalipa kama mfuniko, wanaweka padi, wanaishusha. Ikishushwa inakaa kabisa kama imefungwa. Hata ukiipiga na mkono haitoki. Sasa hebu fikiria uko Thika Road, unakanyaga breki kwa nguvu, na hiyo kalipa imeshikwa na bolti moja. Inaweza kuzunguka kwa hiyo moja, ipige rimu kwa ndani, na ushike breki upande mmoja tu. Na hiyo ndiyo "ya ziada".

Dawa ilichukua dakika kumi. Na sioni kama ni ujuzi wa ajabu tulitumia. Gari lina pande mbili, na karibu kila kitu cha magurudumu kiko kushoto na kulia, kimoja sawa na kingine. Ukiwa hujui bolti ni ya wapi, nenda upande ambao haujaguswa, tafuta dada yake. Usiangalie ile imekosa, tafuta ile iko.

Kabla hujafika hapo, soma ile umeshika. Bolti inaongea, wasee, kama unajua kuangalia.

Anza na kutu. Kama kichwa kina kutu na nyuzi ni safi, imetoka mahali ilikuwa imekazwa, na imetoka leo. Hiyo ni yako, usijidanganye. Kama kutu imejaa kote, hadi ndani ya nyuzi, imekuwa ikizurura muda mrefu. Inawezekana fundi wa kwanza aliiangusha ikakaa juu ya ile kava ya chini ya injini, na wewe ukifungua kava ndiyo ikashuka. Hiyo bado inataka kutafutiwa nyumbani, lakini angalau hujaitoa wewe. Mafuta meusi yanakupeleka kwa injini. Rangi ya gari kwa kichwa inakupeleka kwa bodi: boneti, fenda, mlango. Rangi ya bluu au nyekundu iliyokauka kwa nyuzi, kama rangi ya kucha, hiyo ni gundi ya kuzuia bolti isilegee. Kuna mtu aliogopa hiyo bolti ikitoka, ndiyo akaipaka. Wewe pia iogope.

Halafu pima. Tafadhali pima. Picha ya bolti kwa kiganja hainiambii chochote, viganja vyetu si saizi moja. Weka rula kando. Kwa magari ya Japani, ambayo ndiyo yamejaa huku kwetu, kichwa cha spana 10 huwa ni bolti ya unene wa milimita 6. Cha 12 ni milimita 8, cha 14 ni milimita 10, cha 17 ni milimita 12. Cha 10 mara nyingi ni vitu vyepesi: kava, betri, mabano ya waya. (Ndiyo maana soketi ya 10 ndiyo hupotea kwa kila mtu, inatumika kila mahali.) Ukifika 14 na 17 umeingia eneo la breki na miguu ya gari, na hapo hakuna mchezo. Na ukipata kichwa cha 13 kwa Vitz au Fielder, hapo kuna hadithi. Hiyo saizi ni ya magari ya Ulaya na bolti za hardware, kwa hivyo uwezekano mkubwa ni kwamba ya kiwandani ilipotea na mtu akaweka aliyopata dukani.

Angalia juu ya kichwa pia. Ikiandikwa 8.8 au 10.9, hizo namba ni nguvu ya chuma. Ile 8 ya kwanza inamaanisha chuma inahimili kama megapaskali 800 kabla ikatike, na ile .8 inasema itaanza kunyooka jumla ikifika asilimia 80 ya hapo. 10.9 ni ngumu zaidi. Za kiwandani Japani nyingi zina namba moja tu, kama 7 au 9. Bolti nyingi laini za kufungia mageti na mabati hazina kitu kwa kichwa. Sasa mtu akipoteza bolti ya kalipa yenye namba, halafu aende hardware anunue inayoingia, hajarudisha bolti. Ameziba shimo.

Na kuna moja ukiipata chini ya gari sitaki hata unitumie picha: nati yenye mapengo juu kama taji, au kile kipini cha waya kilichokunjwa ambacho hupita kwa hayo mapengo. Hiyo inakaa kwa viungo vya stiringi, na kwa magari mengine kwa mpira wa chini wa gurudumu au mwisho wa ekseli. Kipini kipo kwa sababu moja, nati isijifungue barabarani. Usiende nalo hata hapo dukani.

Zile vidude vyeusi vya plastiki vya bampa, sawa, hizo ukikosa moja hautakufa. Lakini ukikosa tano kava ya chini inaanza kuburuta lami, na siku moja utaikanyaga mwenyewe. Ile pete nyembamba ya shaba au aluminiamu ukiipata baada ya kubadilisha oili, ni ya plagi ya sampu, ile unafungua oili imwagike. Hakikisha ni ile ya zamani umetoa, na kwamba mpya imeingia. Bila pete oili inadondoka polepole, na injini hupewa onyo ukiwa tayari umechelewa.

Kuna wale wataniambia, "Sasa si nitachukua tu inafanana nayo?" Hapa ndipo nataka mnisikize vizuri. Chukua nati ya gurudumu ya Nissan na ya Toyota. Zote kwa kawaida ni za bolti ya unene wa milimita 12. Kwa macho ni mapacha. Lakini nyuzi za Toyota zimepishana milimita 1.5 na za Nissan milimita 1.25. Ukianza kuilazimisha na spana ya gurudumu itaingia, manze, itaingia ikipiga kelele, na ikifika mwisho umeua nyuzi za nati na za bolti ya gurudumu pia. Utasema imekaza. Haijakaza, imekwama, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Ndiyo maana kila nati unaianza na vidole, angalau mizunguko mitatu, kabla chuma chochote kiguse.

Na kama unafikiria kukadiria kwa macho ni ushamba wa watu wa parking, hata kwa ndege ilitokea. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliruka kutoka Birmingham, Uingereza, ikielekea Málaga, Uhispania. Ikiwa juu ya futi 17,000, kioo cha mbele upande wa kapteni kikang'oka chote. Kapteni, Tim Lancaster, akavutwa nje nusu ya mwili, wenzake wakamshika miguu mpaka rubani msaidizi akashusha ndege Southampton. Alipona, na abiria wote wakapona. Kile kioo kilikuwa kimebadilishwa karibu saa 27 kabla. Uchunguzi ukapata kwamba kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti isiyofika hata milimita moja. Zile 6 zingine zilikuwa na unene sawa lakini fupi. Aliyezifunga alichukua bolti ya zamani akailinganisha na mpya kwa macho. Huyo ni mtu wa kazi yake, ana uzoefu, si kijana wa video mbili. Sasa wewe uko na tochi ya simu yenye asilimia 9.

Kwa hivyo kama umesoma kutu, umepima, umeangalia upande wa pili na bado hujaijua, gari likae. Najua kesho una mahali pa kwenda. Matatu ziko. Usilipeleke kwa fundi likitembea, mwite fundi aje hapo lilipo, hata kama utamlipia nauli na chai. Na ikiwa ni nati imepotea ndani badala ya kubaki nje, hasa kama ulikuwa umefungua kichujio cha hewa, usiwashe injini kabisa hadi uishike kwa mkono. Sumaku iliyofungwa kwa fimbo itakusaidia kuliko maombi.

Fundi akifika, mpe bolti na umwambie ulikuwa umefungua nini na nini, bila kuficha. Akikwambia ni ya ziada, usibishane naye. Mwambie tu, kwa heshima, "Fundi, nionyeshe penye ya upande wa pili iko." Anayejua kazi ataingia chini mwenyewe hata kabla hujamaliza kuongea. Anayeanza kukuchekesha, mlipe nauli yake arudi, halafu mpigie mwingine.