Daftari la Mahabusu Lisiwe Bubu

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika vitongoji vya Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Tandika na Mbagala upande wa Temeke, uko ukimya mmoja ambao wananchi wengi wameuzoea hata wakauona kuwa ni jambo la kawaida. Ni ukimya unaoishukia nyumba pale kijana anapotoka asubuhi kwenda kwenye shughuli zake, jua likazama, usiku ukapita, na siku ya pili jirani akaja kunong'ona kwamba amesikia kijana huyo amekamatwa. Amekamatwa na nani, kwa kosa gani, na amepelekwa wapi, jirani hajui.

Hapo ndipo safari ya mama inapoanza. Humpitia mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha hushika njia. Kituo kidogo cha polisi humwelekeza kituo kikubwa, na kituo kikubwa humwelekeza kingine. Akichoka na vituo huenda hospitali kuulizia majeruhi, na akitoka wodini hujikaza na kuulizia chumba cha maiti. Wengine husimama nje ya Mahakama ya Kisutu tangu alfajiri wakisubiri karandinga liingie, ili watazame nyuso za wanaoshuka, pengine wamwone mtu wao. Hivyo ndivyo raia wa jiji kubwa kuliko yote nchini anavyopata habari ambayo imekwisha kuandikwa kwa kalamu katika daftari, juu ya meza ya mtumishi wa umma.

Katika safari hiyo hujitokeza vishoka, watu wa kati wasio na cheo wala ofisi, wanaodai fedha za kufuatilia. Katika vituo vya polisi hubandikwa tangazo linalowakumbusha wananchi kwamba dhamana ni haki na haina malipo. Tangazo hilo ni la kweli. Lakini dhamana ya bure haimfai mtu ambaye ndugu zake hawajui aliko, kwani hakuna mdhamini awezaye kumdhamini mtu asiyejua yuko kituo gani. Kwa njia hiyo haki inayotolewa bure kaunta huuzwa nje ya lango, na bidhaa yenyewe si kitu kingine bali habari tupu: jina, kituo na kosa.

Hapana budi kusema wazi kwamba sheria za nchi hazikukusudia hali hiyo. Katiba ya mwaka 1977, baada ya kuingizwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, inamlinda kila mtu asikamatwe wala kufungiwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Inakataza pia mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitishwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka aliyekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa kwake. Pale ambapo haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, inaelekeza adhaminiwe, isipokuwa kosa likiwa zito. Aidha, inamwezesha kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na inamtaka mkuu wa kituo ampe taarifa hakimu aliye karibu kuhusu watu waliokamatwa bila hati. Maana yake ni kwamba mtunga sheria alijua hatari ya mtu kupotea machoni pa wenzake, akaweka milango kadhaa ya kuizuia.

Tatizo ni kwamba milango yote hiyo hufunguliwa kutoka ndani. Mahabusu anayejua haki zake, na akampata askari muungwana, ataruhusiwa kupiga simu. Asiyejua hataomba, na asiyeomba hapewi. Ndugu aliye nje hana mlango wake mwenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa taifa. Lakini sheria hiyo inampa ofisa wa taarifa siku 30 za kumjibu mwombaji. Siku 30 zinamtosha anayetaka kujua hesabu za ujenzi wa barabara. Kwa mama anayemtafuta mwanawe, ambaye sheria nyingine inasema shauri lake liangaliwe ndani ya saa 24, siku 30 ni sawa na kunyimwa.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, kwani mtu hatimaye hupatikana. Historia ya nchi hii inakataa. Mwaka 1976, katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya vikongwe waliteswa na baadhi yao wakafariki mikononi mwa watumishi wa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Marehemu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Alitambua kwamba anayeshika dhamana ya mahabusu hawezi kujitetea kwa kutojua. Mwezi Novemba 2002, mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichofurika watu huko Rujewa, Wilaya ya Mbarali. Idadi ya walio ndani ya chumba ni jambo linaloweza kujulikana kwa kuhesabu majina tu. Ikijulikana na wa nje, hupata mtu wa kuipigia kelele kabla ya maafa.

Dar es Salaam nayo ina funzo lake. Mwezi Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walikamatwa na polisi huko Sinza, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Hawakufikishwa mahakamani. Waliuawa katika msitu wa Pande, na umma ukaambiwa kwamba walikuwa majambazi waliopambana na polisi. Ilibidi Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aunde Tume chini ya Jaji Kipenka ili ukweli ujulikane, na ilipofika mwaka 2016 ndipo Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja wa polisi. Safari ya kuitafuta haki ya watu wanne ilichukua miaka kumi.

Pengine msomaji atauliza: daftari lingewasaidia nini watu ambao hawakufikishwa kituoni? Jibu ni kwamba daftari linalojibu lina lugha mbili. Husema kwa jina lililomo, na husema pia kwa jina lisilokuwamo. Mtu aliyeonekana na majirani akichukuliwa, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote la jiji, ni swali linalodai majibu siku hiyo hiyo, si baada ya wiki mbili. Lakini pale ambapo hata jina lililomo halitajwi kaunta, jina lisilokuwamo haliwezi kumshtua mtu yeyote. Kimya cha uzembe na kimya cha uhalifu hufanana, na mhalifu hujificha ndani ya uzembe wa wengine.

Jambo hili linawahusu hata polisi wenyewe. Mwezi Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, mmoja wa viongozi wa CHADEMA, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka ndani ya basi eneo la Tegeta, na mwili wake ukapatikana Ununio. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Mtu anapochukuliwa namna hiyo, swali la kwanza la wananchi huwa ni kama waliomchukua ni polisi au ni majambazi. Nchi ambayo raia hawezi kulijibu swali hilo kwa simu moja humpa jambazi vazi la askari, na humvisha askari mwadilifu lawama ya jambazi.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo zisipuuzwe. Ya kwanza ni ya upelelezi: kwamba habari za kukamatwa kwa mmoja zikienea, wenzake watakimbia na vielelezo vitafichwa. Sheria ya mwaka 1985 imeikubali hoja hiyo, kwani inamruhusu ofisa kuzuia mawasiliano panapokuwa na sababu ya namna hiyo. Lakini hiyo ni ruhusa ya pekee, wala haikukusudiwa iwe desturi ya kila kaunta. Aliyekamatwa kwa ugomvi wa kilabuni au kwa kufanya biashara pasiporuhusiwa hana mtandao wa kukimbia. Zaidi ya hayo, kumwambia mama kwamba mwanawe yuko kituoni si kumsomea jalada la upelelezi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nayo ni heshima ya aliyekamatwa. Nchini Marekani, jela nyingi za wilaya hutangaza kwa kila mtu majina ya waliomo pamoja na picha zao, kabla hata ya kufikishwa mbele ya hakimu. Matokeo yake yamekuwa mabaya. Walizuka wafanyabiashara wanaokusanya picha hizo na kudai fedha ili waziondoe, hata majimbo kadhaa yakalazimika kutunga sheria za kuwadhibiti. Mwalimu aliyekamatwa kwa makosa na kuachiwa kesho yake hapaswi kukuta picha yake imebandikwa mbele ya wanafunzi wake. Tanzania, yenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, haina sababu ya kuiga jambo hilo.

Njia iliyo bora iko kati ya kuficha kila kitu na kuanika kila kitu. Huko Uingereza, anayemtafuta mfungwa huiandikia ofisi ya serikali, nayo humwuliza mfungwa kama anakubali mtu huyo aambiwe aliko. Utaratibu huo unaweza kurahisishwa uwafae watu wa Mbagala na Bunju. Kila anayeingizwa mahabusu aulizwe, mbele ya daftari, ni nani angependa ajulishwe, na jibu lake liandikwe kando ya jina lake pamoja na namba ya simu. Ndugu aliyetajwa apigiwe simu siku hiyo hiyo, na akifika kaunta aambiwe mambo manne bila kuzungushwa: kama mtu wake yumo, tangu saa ngapi, kwa tuhuma gani, na kama amehamishwa, amehamishiwa wapi. Asiyetajwa apokelewe ujumbe wake, umfikie mahabusu, naye aamue.

Hali kadhalika, kila jioni vituo vya Kinondoni na vya Temeke vipeleke majina yao kwenye ofisi moja ya kila mkoa wa kipolisi, yenye simu moja inayojulikana na kila serikali ya mtaa, ili mwananchi asilazimike kuzunguka kituo hadi kituo. Magereza ya Keko, Segerea na Ukonga yafanye vivyo hivyo kila yanapopokea au kuhamisha mtu. Hilo si wazo la kigeni wala la anasa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinataka kila mfungwa awe na haki ya kuijulisha familia yake mara moja anapofungwa na anapohamishwa. Mzee Mandela aliyakaa magereza kwa miaka 27. Jina lake halikuwekwa hapo kwa mapambo.

Nani atahakikisha utaratibu unafuatwa? Tanzania haikosi chombo. Mwaka 1966 ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ili mwananchi mnyonge apate pa kumshtaki mwenye madaraka. Nafasi yake imechukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ambayo ina uwezo wa kukagua mahali watu wanapozuiliwa. Ikague daftari kama inavyokagua vyumba. Mwezi Januari 2023 Rais aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikawasilisha taarifa yake mwezi Julai mwaka huo huo. Nia ya kurekebisha imekwisha kutangazwa na uongozi wa juu kabisa. Kilichobaki ni kuishusha nia hiyo hadi kaunta.

Na kaunta ni mahali pa mtumishi wa umma. Askari anayemjibu mama kwa ukali, karani wa mahakama anayeficha tarehe ya kesi, na ofisa wa gereza anayesema "rudi kesho" hawatumii mamlaka waliyopewa na sheria, maana hakuna sheria iliyowapa mamlaka hayo. Cheo ni dhamana. Walimu nao wana sehemu yao: mtoto anayemaliza shule bila kujua kwamba aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu na ya kumjulisha nduguye, atakuwa raia wa kuzungushwa maisha yake yote, au, akipata ajira, atakuwa mzungushaji.

Serikali inayo haki ya kumkamata mtuhumiwa, kumshtaki na, mahakama ikiamua, kumfunga. Hakuna raia mwema anayebishana na hilo. Lakini pamoja na haki hiyo umo wajibu usioweza kutenganishwa nayo: kujibu unapoulizwa yuko wapi. Daftari limekwisha kununuliwa, wino upo, na majina yanaandikwa kila siku. Mama aliyesimama kaunta haombi afunguliwe mlango wa mahabusu. Anaomba afunguliwe daftari.